Siku moja timboni: mawe yenye matundu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshashuka timboni, kwenye machimbo yetu ya mawe ya kujengea, hapa Kilifi, kabla jua halijaanza kupiga ule ukuta mweupe na kuturudia usoni. Mafuta, reli, mashine ya msumeno. Hadi saa tatu nimeshakata safu mbili za mawe ya inchi tisa.

Saa tatu na nusu msumeno ukabadili sauti. Wanaotuita watu wa vumbi wangeendelea kusukuma, mimi nilizima. Nikapangusa kwa kiganja: ganda la chaza, nene, limelala palepale lilipofia. Timbo zima ni mwamba wa matumbawe, wa wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kama miaka 125,000 iliyopita. Kwingi ni laini, ila ganda kama lile linamaliza meno ya msumeno. Nikalichokoa kwa sururu, nusu saa nzima.

Ndipo akaja mteja. Mama mmoja kutoka Nairobi, kazoea mawe ya kijivu ya Ndarugo, ya kule karibu na Nairobi. Akalikwaruza jiwe kwa ufunguo, unga ukamwagika.

"Kijana, hili ni jiwe au chaki?"

"Mama, limetoka ardhini jana, bado lina maji. Likipigwa na jua litakaza."

Akaanza kuhesabu matundu. Wallahi, alihesabu! Akataka la kijivu, lisilo na tundu. Nikamweleza kwamba la Ndarugo ni jivu la volkano lililoshikana. Hapa palikuwa na viumbe vya baharini, na matundu ni makao yao. Akitaka mawe bapa ya sakafu, apande Mazeras, kule nyuma ya Mombasa: huko ni mchanga ulioshikana, mkongwe kuliko huu wetu kwa mamilioni ya miaka.

"Kwa hiyo mnaniuzia vidudu?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikamtajia Fort Jesus, ile ngome ya Wareno kule Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593 kwa mawe haya haya, juu ya mwamba huu huu. Akasema Wareno hawakukodi lori.

Lori lenyewe halikuja mpaka alasiri, au baadaye, sikuangalia tena saa. Mate yalikuwa meupe, mgongo unaita. Tukapakia jiwe moja moja, naye akiligeuza kila moja, hili ndiyo, hili rudisha. Ya mwisho mwisho tuliyapakia giza limeingia, na hapo hakurudisha hata moja.