Kirusi cha shotikati: ninavyokitoa bila kufomati flashi

Flashi ikitoka stesheneri ikiwa na mafoda yote yaliyogeuka shotikati, usiifomati. Kazi zako bado zimo. Zimefichwa tu, na mahali pake zimewekwa shotikati zenye majina yaleyale. Bofya moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha soma mstari wa Target. Badala ya njia ya foda utakuta cmd.exe au wscript.exe, ikifuatiwa na jina la ajabu linaloishia na .vbs au .js. Ukiifungua shotikati hiyo, mnyoo (kirusi kinachojisambaza chenyewe) unaingia kwenye kompyuta na papo hapo unakufungulia foda yako halisi. Ndiyo maana wengi hawashtuki.

Wengi husafisha flashi kwanza, na hapo ndipo kazi inapoharibika: kompyuta iliyokwisha kuambukizwa huichafua tena flashi muda mfupi baada ya kuchomekwa. Mimi huanza na kompyuta, flashi ikiwa nje na intaneti ikiwa imezimwa.

Nafungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, naingia Details, nabofya kulia juu ya vichwa vya safu na kuongeza safu ya Command line. Safu hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu mbele ya wscript.exe inaonyesha faili la mnyoo lilipojificha, mara nyingi ndani ya AppData au Temp. Nainakili njia hiyo, nabonyeza End task, kisha nakwenda kulifuta faili lenyewe. Usipoliona, fungua Options za File Explorer, ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, na uondoe tiki kwenye Hide protected operating system files. Mnyoo hujipa alama ya faili la mfumo, kwa hiyo kuruhusu mafaili yaliyofichwa peke yake hakutoshi.

Baada ya hapo natafuta kinachouamsha upya kompyuta inapowashwa. Naangalia sehemu tatu: orodha ya Startup humo humo Task Manager, foda inayofunguka ukiandika shell:startup kwenye Run, na Task Scheduler. Halafu naendesha ukaguzi wa Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows: ni Microsoft Defender Offline scan, kutoka Windows Security, chini ya Scan options. Kompyuta hujizima na kuwaka, na ukaguzi huchukua kama dakika 15. Naupendelea ukaguzi huu kwa sababu unafanyika kabla Windows haijaamka, hivyo mnyoo haupati nafasi ya kujitetea.

Sasa ndiyo zamu ya flashi. Naichomeka bila kubofya kitu chochote ndani yake, naangalia herufi yake (tuseme ni E), kisha kwenye Command Prompt naandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Hakiki herufi mara mbili. Ukikosea ukaandika C, utavua alama za mafaili ya Windows yenyewe. Mafoda yakisharudi, futa lile faili la .vbs au .js lililobaki. Wakati mwingine inatokea foda isiyo na jina kabisa. Usiifute! Kuna minyoo inayohamishia kazi zako zote humo. Zitoe kwanza.

Kinga ninayoiamini zaidi ni kuzima Windows Script Host, sehemu ya Windows inayoendesha mafaili ya .vbs na .js, maana kompyuta nyingi za nyumbani haziihitaji. Kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama administrator:

reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Ukitaka kuirudisha, weka 1 badala ya 0. Kompyuta ya ofisini usiiguse bila kumuuliza fundi wa mtandao, kwani huenda ikategemea skripti kuunganisha printa. Na hii haizuii kila kitu: ipo minyoo inayopitia programu nyingine za Windows kama PowerShell au msiexec. Kwa hiyo, kwa kazi za kila siku, tumia akaunti ya kawaida isiyo ya administrator. Mnyoo unaweza kuingia hata humo, lakini hautaweza kuizima Defender kwa urahisi.

Kwenda kuprinti, beba PDF moja kwenye flashi tupu, au itume kwa barua pepe. Flashi yenye tasnifu na picha za familia ibaki nyumbani.

Programu za upelelezi huja kwa mlango mwingine: kraki (nakala za wizi zilizovunjwa kufuli) za Office na magemu. Maelekezo yanayokutaka uizime Defender kabla ya kuinstoli yanatosha kukufanya uache. Programu hizi huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na kuki (mafaili madogo yanayokuweka ndani ya akaunti bila nywila) za akaunti ulizoziacha wazi, hivyo kubadili nywila tu hakutoshi. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, toka kwenye vifaa vyote, ndipo ubadili nywila.

Najua bando ni ghali, na wengi huzuia masasisho kwa sababu hiyo. Lakini WannaCry, mnyoo uliofunga mafaili na kudai fidia, ilipoenea Mei 2017, kiraka chake (sasisho la kuziba tundu ulilopitia) kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Ukiwa na kompyuta zaidi ya moja, pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft mara moja, ulihamishie kwenye kila kompyuta na kulifungua: Defender itapata taarifa mpya za virusi bila kutumia bando tena.