Siasa na utawala: anza na ushuru wa soko

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa siasa na utawala hufundishwa neno ugatuzi kabla hajajua choo cha soko la kwao kilijengwa kwa fedha za nani. Tasnifu dhaifu za mwaka wa tatu huanzia hapo. Nawasihi wadogo zangu mnaosoma fani hii hapa Uganda mgeuze mpangilio: chagua gombolola moja (kaunti ndogo, ngazi iliyo chini ya wilaya na kaunti), fuata shilingi yake, nadharia ije baadaye.

Tuseme gombolola ya kijijini imekusanya shilingi 1,000,000 za ushuru wa soko. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaiachia gombolola asilimia 65 na kupeleka 35 wilayani. Kwa hiyo 350,000 zinaondoka, 650,000 zinabaki. Nazo hazibaki zote: asilimia 25 yake ni ya vijiji, yaani LC1 (baraza la kijiji, ngazi ya kwanza ya mabaraza ya mitaa), asilimia 5 ni ya miluka (ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola), na 5 nyingine ni ya kaunti. Vijiji vinapata 162,500, miluka 32,500, kaunti 32,500, na gombolola yenyewe inashika 422,500. Wengi hupotea hapa. Wanapiga asilimia 25 ya milioni nzima, wanaandika 250,000, na sura nzima ya uchambuzi inapinda. Ile 25 ni ya zilizobaki, si ya zilizokusanywa. Na kanuni hii ni ya gombolola za vijijini tu; mijini mgawo ni mwingine, usiihamishie huko.

Sasa gawa 162,500 kwa vijiji 40. Kila kijiji kinaambulia shilingi 4,000 na ushei. Mwenyekiti wa LC1 ambaye wanakijiji walijipanga mstari nyuma yake mwaka 2018, katika uchaguzi uliosubiriwa tangu 2001, ndizo hizo alizo nazo. Weka kando yake mpango wa maendeleo ya muluka uliozinduliwa 2022: shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka, zikipitia SACCO, yaani vyama vya akiba na mikopo. Ukiwa na tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, swali la ugatuzi linakuwa na meno: baraza lililochaguliwa linaamua nini hasa, ikiwa fedha kubwa zinakuja zimeshapangiwa kazi? Hapo fungua Ibara ya 193 ya Katiba ya 1995, inayotaja aina tatu za ruzuku: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha. Halafu chukua bajeti ya wilaya, ujumlishe kila aina peke yake. Usikubali kuandika kwamba wilaya ina fedha nyingi au chache bila kusema ni za aina gani.

Baada ya fedha, uliza nani anamteua nani. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, anapigiwa kura. Ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, CAO, aliteuliwa na tume ya utumishi ya wilaya hadi Katiba iliporekebishwa 2005. Tangu hapo anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. RDC, kamishna mkazi wa wilaya, anateuliwa na Rais chini ya Ibara ya 203. Watu watatu, wilaya moja, mabwana watatu. Mwaka huohuo wa 2005 kodi ya kichwa ilifutwa, na mapato ya ndani ya wilaya yakapwaya. Anayeyasoma mabadiliko hayo kila moja kwenye sura yake huona vipande tu. Yanatakiwa kusomwa pamoja.

Ukienda uwandani, beba barua ya idara, pitia kwa CAO, kisha mkuu wa gombolola, kisha mwenyekiti wa LC1. Tofautisha mkuu wa gombolola na mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la gombolola. Wa kwanza ni mtumishi wa serikali na ndiye anayewajibika kwa hesabu. Wa pili ni mwanasiasa. Mwanafunzi anayemwomba mwenyekiti stakabadhi ataambiwa rudi kesho mpaka semesta iishe, na mara nyingi mwenyekiti mwenyewe hanazo.

Omba mihutasari ya vikao vya baraza ya mwaka mmoja wa fedha, Julai hadi Juni. Baraza linatakiwa kukutana walau mara moja kila miezi miwili, basi tegemea mihutasari sita. Ukipewa miwili, hayo ni matokeo ya utafiti, yaandike. Ombi likikwama, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 kujibu, kwa hiyo barua iende kabla semesta haijafunguliwa.

Kuhusu hojaji, nasema wazi: lile jedwali la sampuli linalokuambia watu 100 wanahitaji wahojiwa 80 linaua tasnifu nyingi za shahada ya kwanza. Mwanafunzi anasambaza karatasi 80, zinarudi 30, anashawishika kuzijaza mwenyewe zilizobaki. Msimamizi makini huzigundua haraka, kwa sababu majibu yanafanana mno. Mahojiano 12 ya kina na watu wanaoshika kalamu na fedha, yakilinganishwa na mihutasari, yana uzito zaidi.

Na lugha ya swali ina kazi yake. Upande wa Busia au Arua utahoji kwa Kiswahili. Ukiuliza "unauonaje utawala bora?" utajibiwa "ni mzuri", na mazungumzo yamekwisha. Uliza ushuru wa Jumamosi iliyopita ulikusanywa na nani, alitoa risiti ya rangi gani, na kitabu cha risiti hulala wapi usiku.