Usiku wa Nyimbo Ilala

Nauli ya basi kutoka Tanga haikuniuma. Kilichoniuma ni bodaboda wa stendi ya Mbezi: alitaka 20,000 mpaka Ilala, na mvua ilipoanza akapandisha hadi 25,000. Nikalipa, giza lilishaingia. Nilifika kwenye usiku wa nyimbo, uani kwa watu, nimelowa, nina hasira.

Hasira ikaisha pale pale. Kina mama wamejaa mkekani, vijana wamesimama ukutani, na bibi mmoja mkongwe anagonga kopo kwa kijiti, akiimba nyimbo alizokuwa akiongoza mama yake ngomani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kusikiliza au kupiga picha?"

"Kusikiliza, bibi."

"Basi kaa hapa."

Bibi huyu wa kopo alikuwa binti mdogo mwaka 1955, wakati Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichodai Uhuru. Bibi Titi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakapeleka habari kwa watu wao. Wanawake wale walishazoea kuchangishana, kushona sare na kualikana; chama kiliwakuta wamejipanga. Kisha pale uani kijana mmoja akaghani:

*Mume yumo ofisini, kadi hawezi kushika,*
*Mkewe yumo ngomani, jina lake kaandika.*

Vigelegele! Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU, na kila mama pale alielewa shairi linamsema nani. Bibi akaamuru lirudiwe, likarudiwa, safari hii uani wote ukiitikia.

Shuleni tuliikariri Julai 7, 1954, siku TANU ilipozaliwa, na majina ya wanaume waliokuwepo. Barabara ya Bibi Titi naipita kila nikija Dar. Lakini waimbaji wa mitaa, wale walioufikisha ujumbe mpaka jikoni, sikuwahi kufundishwa hata mmoja. Inaniuma, kwa sababu wajukuu zao wapo na nyimbo bado zinaimbika.

 

Usiku ule ule nilimpigia shangazi Pangani, nikamwuliza ngoma za kwetu nani alikuwa akiziongoza kabla ya Uhuru. Akasema mbona hakuna aliyewahi kumwuliza, akaanza kutaja majina, na nani aligombana na nani, mpaka salio likakata. Mwezi ujao naenda kwake na daftari.