Apolo Aliambilika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa jumuiya.

Somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 18:24-28. Ni aya tano tu, na kwa miaka mingi nilizipita mbio nikiwahi sura ya 19. Safari hii zimenishika. Nitawaeleza kwa nini, ingawa si jambo jepesi kwangu kulisema mbele yenu.

Mnakumbuka mwezi wa pili, kabla ya masika, tulipokuwa tukipanga kuezeka upya jiko la usharika. Kamati ilinipa kazi ya kukadiria mabati kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu, na nimefundisha zaidi ya miaka 30. Nilipima, nikachora, nikatafuta eneo la paa, nikaligawanya kwa eneo la bati moja. Jibu likaja mabati 64. Nililisoma kikaoni kwa sauti ya mtu aliyezoea kwamba akishasema, watoto wanaandika. Hakuna aliyeuliza swali.

Jioni ile kijana mmoja alibisha hodi kwangu. Wengi mnamfahamu, ni saidia fundi, na kwenye jumuiya hukaa karibu na mlango. Suruali ilikuwa na saruji iliyokaukia magotini, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu, yale mabati hayatatosha."

Nilimfundisha kijana huyu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata ziro. Kule shuleni tulikuwa na majina yetu: waliofaulu tuliwaita vipanga, wa aina yake tuliwaita vilaza, na tuliyasema hayo wakisikia. Basi mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe hesabu ulipata ngapi?"

Hakukasirika. Aliangalia huku na huku, akaenda kwenye banda langu la kuku, akaokota vipande viwili vya bati chakavu, akavilaza chini kwenye vumbi. "Bati halikai pembeni ya bati, mwalimu. Linalala juu yake. Hapa ubavuni unapoteza migongo miwili. Na la juu linalikalia la chini kiasi cha kiganja." Akaweka kiganja chake pale, vidole vimefungwa pamoja, nikaona jinsi kilivyofunika mwisho wa kipande cha chini. "Ukiezeka kama ulivyoandika, kuna upande utabaki wazi."

Nilichukua kalamu nikapiga upya. Mabati 79. Nilikuwa nimepungukiwa na 15, na hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kugawanya.

Sasa tumwangalie Apolo. Luka anasema alikuwa mzalia wa Iskanderia, "mtu wa elimu", tena "hodari katika maandiko". Iskanderia ulikuwa mji wa wasomi, wenye maktaba iliyojulikana dunia nzima ya wakati ule. Mtu akitoka huko akisimama kunena, watu hunyamaza. Na Luka hasemi kwamba Apolo alifundisha uongo. Anasema alifundisha habari za Yesu kwa usahihi. Ila kuna neno moja dogo mwishoni mwa aya ya 25: alijua ubatizo wa Yohana *tu*.

Naomba mlikazie macho neno hilo, kwa sababu mwenye "tu" yake haioni. Apolo hakujua kwamba kuna kitu hajui. Alikuwa na ujasiri wote wa mtu aliyekamilika, na ujasiri ule haukuwa wa kujifanya, roho yake ilikuwa inawaka kweli. Hata mimi na mabati yangu 64 sikuwa najidai. Niliamini.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowapa wanafunzi: mantiki, sarufi ya Kiingereza, na hata kutambua kipi kinachekesha. Baada ya kila jaribio waliwauliza, unadhani umewazidi wenzako wangapi katika 100? Wale wa robo ya mwisho kwa wastani walikuwa wamewazidi 12. Wenyewe walidhani wamewazidi 62. Na maelezo waliyoyatoa ndiyo yaliyonigusa zaidi: ujuzi unaohitajika ili kupata jibu sahihi ndio ule ule unaohitajika ili kutambua kwamba jibu lako si sahihi. Ukiukosa, umekosa vyote viwili kwa pamoja, na kosa linabaki kimya halikusumbui. Wako wataalamu wa takwimu wanaosema sehemu ya matokeo yale inatokana na namna ya kuhesabu tu, na mjadala huo unaendelea. Lakini lile wazo la kosa lisilopiga kelele nimelishuhudia nyumbani kwangu, kando ya banda la kuku.

Tena si kwa wenye ujuzi mdogo peke yao. Mwaka 1981 Ola Svenson wa Sweden aliwauliza watu wajilinganishe na wenzao katika ustadi wa kuendesha gari. Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka nusu ya juu. Wasweden, asilimia 69. Nusu haiwezi kubeba asilimia 93, hata mtoto wa darasa la nne anaona hilo. Sisi husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Msemo mzuri, ila tukishausema tunaanza kutazamana vichwani kuona za nani ndefu.

Kwetu Moshi hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Asubuhi mawingu yakifunguka, inueni macho muutazame ule weupe wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona akiwa njiani kuja Uchagani. Mmoja wa waliomwongoza hakuwa na jina la kitu kile, akakiita tu "baridi". Rebmann akaelewa ni theluji, akaandika, na habari ikachapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London alikuwapo bwana mmoja, William Desborough Cooley, aliyeheshimika sana kwa maandiko yake juu ya jiografia ya Afrika, na ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili. Akaikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakukubali.

Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma kuliko wengi wa siku zake, na mimi naona hapo ndipo penye hatari, kwamba kusoma kwenyewe kulimpa sababu za kutosikia. Wazee wa Kichagga wa wakati ule walikuwa wanachimba mifongo, yaani mifereji, wanayashusha maji ya mlima huo huo kuyapeleka migombani kwa mteremko waliousoma kwa macho. Wangeulizwa, wangesema. Lakini nani London angemuuliza mwongoza njia aliyesema "baridi"?

Paulo anatuandikia katika Warumi 12:3 kwamba mtu asinie makuu kupita ilivyompasa kunia, bali awe na "nia ya kiasi". Zamani nililisoma neno kiasi kama udogo, kana kwamba tunaambiwa tujione kidogo. Nendeni Mbuyuni siku ya soko muone kiasi ni nini. Ni sado, kopo la kupimia. Mwenye maharage anajaza hadi ukingoni, anapitisha mkono juu, basi. Mnunuzi anaudhika sado ikipunjwa, na mkulima anaumia gunia likifungwa lumbesa, likijazwa kupita kiasi. Kiasi ni kipimo kilichopitishwa mkono. Kitabu cha Mithali kinasema vipimo viwili tofauti ni chukizo kwa Bwana, na tuliodhani aya hiyo inawahusu wafanyabiashara peke yao tumejisahau: mimi nilikuwa na sado moja ya kupimia kichwa changu na nyingine ya kupimia cha yule kijana.

Na wapo wanaojipunja. Kuna mama katika jumuiya hii, sitamtaja, anauza ndizi. Anautazama mkungu wa mshare ukiwa bado kwenye gari, anaujua una vichane vingapi vya kuuza na vingapi vya kula nyumbani, anajua kipi kitaiva Jumatano na kipi kitangoja Ijumaa, na bei anaitaja kabla dereva hajazima injini. Mwaka jana tulipomwomba awe mhazini alisema, "Mimi sijasoma, wapo wenye akili." Tukamwacha. Nasema tulikosea, tena sana. Wale watafiti wa Cornell waliona hata hili: wanafunzi wa robo ya juu walijiweka chini kuliko walivyostahili, kwa sababu jambo lililokuwa rahisi kwao walidhani ni rahisi kwa kila mtu. Mama yetu haoni kwamba hesabu anayoifanya kwa dakika moja sisi wengine tunaihitaji karatasi. Unyenyekevu wake naupenda, lakini kipawa alichopewa ni cha kanisa, na hakuna aliyemwambia kwamba anacho.

Turudi Efeso, mji ambao Apolo alifika kufundisha. Waliomsikia Apolo na kutambua upungufu wake walikuwa Prisila na Akila, mume na mke, mafundi wa kushona mahema, wakimbizi waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio. Vidole vya watu hawa vilikuwa vigumu kwa sindano. Hawakusimama katikati ya sinagogi kumsahihisha. "Wakamchukua kwao", linasema Neno, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Kwao ni nyumbani, huenda katikati ya mahema yaliyokuwa bado hayajakamilika. Na yule kijana wetu angeweza kuninyooshea mkono kikaoni mbele ya kamati nzima. Alingoja jioni.

Halafu Luka ananyamaza. Hatuambiwi Apolo alijibu nini. Hatuambiwi kama alimuuliza Akila amesoma wapi, au kama uso ulimbadilika aliposahihishwa na mwanamke, ambaye Luka anamtaja kwanza. Tunajua tu kwamba aya inayofuata anataka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wanampa barua, na akifika anawafaa sana walioamini. Kwa hiyo alisikia. Kwa Kiswahili tunalo neno ambalo sijui kama kuna lugha nyingine inalo: aliambilika. Tunapomchoka mtu hatusemi hana akili, tunasema haambiliki, na kwetu hilo ni zito kuliko kukosa akili.

Nimekuwa nikijiuliza: katika mwezi uliopita, ni nani aliyeniambia nimekosea, na mimi nikabadilika? Si mkubwa wangu, maana mkubwa tunamsikiliza hata kwa woga. Mdogo wangu. Dada wa kazi, mtoto wangu wa mwisho, mwanafunzi niliyempa sufuri. Nawaomba mjiulize swali hilo juma hili, kwa utulivu, mbele za Mungu. Kama jibu ni hakuna, msifurahi haraka kwamba hamjakosea. Mimi kabla ya jioni ile jibu langu lingekuwa hakuna, kwa miaka mingi mfululizo, na najua sasa kwamba katika miaka hiyo watu walikuwa wanafika mlangoni kwangu na kofia mkononi, halafu wanaondoka.

Nilimwomba kijana yule msamaha. Sio jioni ile, nasikitika kusema, ilinichukua siku tatu. Nilimkuta kwenye jengo anachanganya zege, nikamwambia neno lile nililomjibu halikuwa la mwalimu wala la Mkristo. Alisimamisha koleo akasema, "Yameisha mwalimu," kisha akaniuliza kama nimeshahesabu misumari. Nilikuwa sijahesabu. Tukakaa juu ya mifuko ya saruji tukaihesabu pamoja, yeye anasema, mimi naandika.

Jiko limeezekwa. Mabati yametumika 79, hakuna lililobaki.

Alhamisi tukutane saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, njooni na Biblia zenu tusome Matendo 18 kuanzia aya ya 1, ili tuwafahamu vizuri Prisila na Akila kabla hatujafika kwa Apolo. Nimemwomba kijana wetu atuongoze katika somo. Amekubali, na amesema atakuja na mkewe.