Unga mweupe wa polishi kwenye kona za gari: lainisha, usikwangue

Gari nyeusi ikitoka kupigwa polishi ukiiangalia kwa mbali inawaka balaa, alafu unasogea karibu ndo unaanza kuona mambo, mstari mweupe umezunguka nembo, herufi za nyuma kwenye buti zimejaa unga, kwenye mpira wa dirisha upo, ndani ya kitasa upo, pale boneti inapokutana na fenda ndo usiseme. Gari nyeupe na silva nazo zinakuwa nao tu, sema hauonekani haraka.

Mimi huo unga wenyewe wala haunisumbui, kinachonisumbua ni namna watu wanavyoutoa. Utakuta mtu anachokonoa na ncha ya funguo, mwingine kucha, mwingine mswaki wa zamani umekakamaa, wengine bisibisi ndogo imefungwa kitambaa wanaona ndo usalama huo. Na kona ndo sehemu ya mwisho kabisa ambayo ungetakiwa kutumia nguvu. Klia ya gari iliyotoka kiwandani, yaani ile layer ya juu inayong'aa, mara nyingi inacheza kwenye maikroni 40 hadi 50 hivi, unywele wa kichwani kwa watu wengi unafika 70. Hiyo ni pale katikati ya boneti. Kwenye kingo na mikunjo inakuwa nyembamba zaidi maana rangi ikiwa mbichi huwa inakimbia ile ncha, na mashine ya polishi nayo ikipita hapo inakula kuliko sehemu bapa. Kwahiyo unakwangua sehemu ambayo tayari ndo dhaifu kuliko zote.

Sasa huo unga ni nini. Polishi na kompaundi zina chembechembe za kusaga, nyingi ni alumini oksaidi, zimechanganywa na mafuta na maji ili ziteleze. Maji yakikauka zinabaki chembe na mafuta zimeshikana kwenye uwazi ambao kitambaa hakifiki. Ndo maana ukisugua ukavu unakuwa kama unapiga msasa mdogo mdogo, zile chembe kazi yake ni kusaga na hazijui kama wewe saa hizi unasafisha. Waksi ni habari nyingine, yenyewe haina chembe za kusaga (labda zile za kusafisha na kung'arisha kwa pamoja) lakini haiyeyuki kwenye maji, unaweza kuimwagia ndoo nzima na ikakuangalia tu.

Kwahiyo kitu cha kwanza ni kuloweka, na hapa ndo watu wengi hawana subira. Gari iwe kivulini na bati liwe la baridi, hili joto letu la Dar ukianza saa saba mchana juani unachopaka kinakauka kabla hujageuka. Chukua maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari kidogo, lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kikandamize pale kwenye nembo au kwenye ule uwazi, kiache kitulie dakika chache. Usisugue bado. Alafu chukua brashi laini, laini kweli, uichovye kwenye maji ya shampuu uzungushe taratibu pembeni ya kila herufi huku unasuuza brashi kila baada ya muda maana zile chembe zinahamia kwenye nywele zake. Brashi nzuri na ya bei rahisi kuliko zote nimeikuta duka la vipodozi, zile za kupakia poda usoni (muuzaji atakuangalia vibaya ukianza kuzijaribu kwenye kiganja, mwache). Ila zina kile kibati kinachoshika nywele, kizungushie tepu kabisa, ukiteleza kikagonga rangi umetengeneza mkwaruzo mpya.

Sabuni ya unga hapana. Inakausha mpira na waksi yote uliyolipia inaondoka, na punje ambazo hazijayeyuka vizuri zinaingia kwenye hizo hizo kona unazosafisha.

Kama maji na brashi vimegoma basi hapo kuna mafuta au waksi, sasa ndo unaenda kwenye spiriti ya duka la dawa, ile ya 70%. Kipimo kimoja cha spiriti kwa viwili vya maji kinatosha kabisa, na usimwagie kwenye gari, lowesha pamba za masikio au kijiti cha meno ulichokizungushia kona ya maikrofaiba, pitisha, kausha, geuza upande msafi, pitisha tena. Sanitaiza ya jeli sio mbadala, ina vitu vya kulainisha ngozi vitakuachia utando mwingine. Petroli na thina ndo kabisa usiguse, thina inaweza kulainisha rangi hasa iliyorudiwa gereji, inaharibu plastiki ya taa, na zile herufi za nyuma kwenye magari mengi zimeshikwa na gundi tu, kwahiyo unaweza kusafisha vizuri sana alafu mvua inayofuata herufi mbili hazipo.

Na kama gari imerudiwa rangi, na hizi zetu za mkononi nyingi zimerudiwa sehemu fulani hata kama muuzaji ameapa, jaribu kwanza sehemu iliyojificha, ndani ya kifuniko cha mafuta hapafai maana hapo mara nyingi ni rangi ya kiwandani, jaribu chini ya ile paneli yenyewe. Ukiona kitambaa kinatoka na rangi ya gari ujue hapo hamna klia, punguza kila kitu, spiriti acha kabisa. Rangi iliyopigwa wiki chache tu zilizopita nayo ipe maji na shampuu peke yake.

Kwa waksi iliyokauka kuna ujanja naupenda, paka tone dogo la waksi ile ile juu yake ufute hapo hapo, ile mbichi inailainisha ya zamani vinatoka pamoja. Plastiki nyeusi za bampa ndo zinatesa kwasababu zina vinyweleo, hapo brashi ngumu kidogo ruksa maana hamna rangi, na kifutio cha penseli kinafanya kazi vizuri tu. Siagi ya karanga pia inatoa, sio utani, mafuta yake yanalainisha waksi, ila uioshe yote vizuri la sivyo utashinda unafukuza sisimizi.

Maji ya presha usiyasogeze karibu na nembo wala mpira wa dirisha, na tundu la funguo lifute tu kwa kitambaa.

Na ukipeleka gari kwa vijana wapige polishi nenda na tepu yako ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ziba nembo, mipira na mianya yote kabla mashine haijawashwa. Sio ile ya maboksi, hiyo ikikaa juani inaacha gundi, na gundi ni kazi nyingine. Watasema unawachelewesha. Wacheleweshe.

Ukishafanya yote na bado mstari mweupe upo pale kwenye ukingo, maji hayautoi, spiriti haiutoi, washa tochi ya simu uangalie kwa pembeni. Kama hauna unene wowote na ukipitisha kidole ni laini kama bati lingine, hiyo inawezekana sio polishi tena, ni praima, yaani ile rangi ya msingi ya chini, maana klia na rangi vyote vilishaliwa na mashine. Hapo acha kusugua, mtafute fundi rangi.