Haki ya bunduki Marekani: wewe wa viza haikuhusu

Kinachokera ni kumsikia mwanafunzi aliyetua juzi akiambiwa na wenyeji wake, "Twende tukalenge shabaha, huku bunduki ni haki ya kila mtu." Kila mtu yupi?

Haki yenyewe imo katika sentensi moja iliyoongezwa kwenye Katiba mwaka 1791, Marekebisho ya Pili. Inaanza na mgambo, inaishia na haki ya "watu" kuweka na kubeba silaha. Kwenye kesi ya Heller ya Mahakama ya Juu, 2008, Jaji Scalia alifungua hadi kamusi ya Samuel Johnson ya karne ya 18: silaha ni kitu cha kushambulia au cha kujikinga, si lazima kiwe cha kijeshi, na kubeba ni kuwa nayo mwilini tayari kwa mapambano. Jaji Stevens akabisha: enzi zile "kubeba silaha" ilikuwa kutumika jeshini. Kura 5 kwa 4, akashinda Scalia: haki ni ya mtu binafsi, si ya mgambo tu. Baadaye wanaisimu walipopekua maandishi ya zama hizo kwa kompyuta, matumizi ya kijeshi yakaonekana kutawala mno. Mimi naona Stevens aliijua lugha zaidi, ila hukumu ndiyo hiyo. Na tangu kesi ya Bruen, 2022, serikali ikitetea sheria ya bunduki lazima ioneshe mfano wake katika historia.

Hilo neno "watu" ndilo linalokugusa. Scalia aliandika kuwa ni wanajumuiya wa kisiasa wa taifa. Mgeni wa kupita yumo? Mahakama za chini zimevutana, lakini sheria ya shirikisho haikungoji: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Hata kuikodi kwenye uwanja wa shabaha kwa dakika chache kunahesabiwa. Rehaif, mwanafunzi kutoka Emirati, aliachishwa chuo Florida, akaenda kulenga shabaha, akafungwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu yake kwa kuwa waendesha mashtaka walipaswa kuthibitisha alijua hana tena hadhi ya kukaa nchini. Usitegemee bahati hiyo.

Mlango uliopo ni leseni ya uwindaji ya jimbo, ambayo muda wake haujaisha. Uwe nayo kabla hujagusa chochote.

Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ananunua, kwa kujaza fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki. Hapo wengi wananaswa na swali la kama unatumia bangi: jimbo lako limeiruhusu, serikali ya shirikisho haijaiachia, na kudanganya kwenye fomu ni jinai inayoweza kukupeleka jela.