Shokapu Mbili za Kushoto

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, rangi ya fedha iliyokwisha kugeuka jivu. Kwa miezi minne lilikuwa likigonga mguu wa mbele kila nikienda Pangani kumwona mama. Ukifika Kigombe kwenye vumbi ndiyo lilikuwa likisema vizuri, ko-ko-ko, mimi naongeza sauti ya redio. Dawa ya redio ilifanya kazi mpaka siku nilipokanyaga breki kwa ajili ya mbuzi, gari likainama mbele kama linataka kusujudu, kisha likaanza kuruka-ruka.

Fundi wangu yuko Makorora, hapa Tanga mjini, mzee ambaye hashiki spana kabla hajamaliza kahawa yake. Aliikandamiza boneti upande wa kulia akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena. "Shokapu ikiwa hai, mwanangu, linapanda mara moja linatulia." Akanishika mkono akanipitishia kiganja juu ya tairi. Mabonde madogo madogo, mzunguko mzima. Kumbe tairi lilikuwa halikanyagi barabara, lilikuwa likiidonoa.

Nilikuwa na Sh 250,000, basi. Shokapu mpya za maana zingeimaliza yote kabla sijamlipa mtu ufundi. Mpya za bei chee nilishawahi kufunga nyuma, zikavuja mafuta kabla mwaka haujaisha. Mama husema rahisi hugharimu, lakini mama hajawahi kununua shokapu. Mzee akanipa masharti yake: chuma chukua mtumba, mpira nunua mpya. Bushi za wishiboni (mipira ya ule mkono wa chuma unaoshika tairi chini) na linki za stabilaiza (vifimbo vya ile nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) mpya, shokapu zile zilizokuja na magari yaliyokatwa. Na nisichukue komplit na springi yake, kwa sababu springi ikishaibana huwezi kuipima kwa mkono.

Dukani Ngamiani shokapu zilikuwa zimelundikwa kama kuni, zimefutwa dizeli zinang'aa. Huo mng'ao ndio wa kuogopa. Nikainua mpira wa vumbi, nikapitisha kidole kwenye shingo pale fimbo inapoingilia. Ya kwanza kidole kikatoka cheusi, kimelowa. Ya pili fimbo ina kutu ya vidoa, na kutu ya pale hula sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Nikaisimamisha ya tatu sakafuni, nikaibonyeza kwa uzito wangu wote. Inatakiwa iende polepole, nzito mwanzo hadi mwisho, na ukiivuta ikukatalie vilevile. Ikiwa na sehemu inacheza tupu, rudisha. Vijana wa dukani walikuwa wanacheka, "Dada unapima shokapu au unatwanga?" Nikatwanga saba, nikapata mbili. Muuzaji alianzia 160,000 kwa zote mbili, tukamalizana 120,000.

Nikarudi Makorora najiona bingwa. Mzee akaziweka sambamba kwenye gunia, akazitazama, akanitazama mimi. "Mwanangu, umeninunulia mguu wa kushoto mara mbili."

Kile kibati kinachoshika mpira wa breki kilikuwa kimeelekea upande mmoja kwenye zote. Kwa macho yangu zilikuwa mapacha, na hilo ndilo kosa lenyewe: zinatakiwa ziwe kama viganja viwili, kila kimoja kinyume cha mwenzake. Nikapanda bodaboda na chuma mapajani, dera langu likaondoka na mafuta ambayo hayajatoka hadi leo. Muuzaji akasema zinaingia tu, mpira wa breki nifunge na waya. Mpira wa breki na waya! Nilisimama pale pale mlangoni, wateja wakiingia wananikuta, mpaka akasema nichague nyingine. Nikatwanga tena nne za kulia.

Kuhamisha springi ndiyo sehemu sikuipenda. Kuna mafundi huzibana kwa kamba, Mungu awasaidie. Mzee ana klampu mbili za skrubu, anakaza huku kidogo, kule kidogo, pete zinasogeleana bila sauti. "Kaa kule ukutani," alisema, na hakuwa anatania. Springi iliyobanwa ikichomoka haichagui uso. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi, nati tatu juu, boliti mbili chini, akahamia mguu wa pili.

Linki 24,000, bushi 30,000, ufundi 40,000. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi, 20,000, na hiyo usiibanie, maana ukishafungua zile boliti mbili za chini tairi halirudi palepale lilipokuwa. Mimi usukani ulikuwa umekaa upande kama kofia ya mlevi. Jumla na shokapu 238,000, pamoja na bodaboda 4,000 kwenda na kurudi. Zilibaki 12,000, nikamnunulia mama samli.

Jumamosi nikashika njia ya Pangani, redio nimeizima makusudi. Tongoni nikapita kimya. Kigombe kwenye vumbi mbele kimya kabisa, tairi linashuka shimoni linatoka halina habari. Halafu nikasikia ko-ko-ko nyuma. Moyo ukaniruka. Nikasimama chini ya mnazi, nikazunguka nyuma, nikafungua buti.

Ilikuwa jeki. Imelegea mle siku zote hizo, na mguu wa mbele haukuwahi kunipa nafasi ya kuisikia.